Fomu ya Mafao na Simu Isiyo na Waya

Jumatatu, 4 Mei

Zimebaki siku ishirini na sita nistaafu. Leo nimekabidhiwa fomu ya mafao. Kurasa nne, lakini swali la maana ni moja tu, ukurasa wa tatu. Visanduku viwili. Cha kwanza ni mkupuo: unapewa kitita chako siku moja, mnaagana. Cha pili ni malipo ya kila mwezi mpaka ufe. Ukishatia alama, umetia. Hakuna kurudi nyuma. Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa saa tisa alasiri.

Nieleze vizuri, maana huenda wajukuu wakasoma haya. Anayekufa mapema achague mkupuo, ili watu wake wabaki na kitu. Atakayeishi sana achague kila mwezi. Kwa hiyo fomu hii haiulizi habari za fedha hata kidogo. Inauliza: bwana, utakufa lini? Ila inauliza kwa adabu ya kiofisi.

Mimi ni mkaguzi wa mizani kwa mwaka wa thelathini na nne sasa. Nimepima mizani ya wauza nyama, ya wauza chuma chakavu, hata ule mzani wa kliniki ya watoto wachanga. Sijawahi kuandika namba ya kubahatisha. Sitaanza leo.

Gramu ameshajaza yake. Gramu ni mkaguzi mwenzangu, tunastaafu siku moja. Jina hilo alipewa baada ya kumfungia mama mmoja mzani kwa kosa la gramu mbili. Kachagua mkupuo. Kwa wino! Kaniuliza mbele ya ofisi nzima kama bado nahesabu kwa vidole. Nikamjibu kwamba mtu mwenye tumbo kama lake anafanya vyema kuwahi. Ofisi ikaangua kicheko. Yeye akacheka kuliko wote. Simpendi.

Jambo lenyewe ni zito. Dada yangu mkubwa anaishi nasi mwaka wa tatu, na akili inamtoka kidogo kidogo. Asubuhi mke wangu humnyanyua kutoka kitandani hadi kitini, jioni kutoka kitini hadi kitandani. Yuko msaidizi wa kutwa, analipwa kutoka mshahara wangu. Nikikosea kisanduku, msaidizi ataondoka, na Dada atabaki juu ya mgongo wa mke wangu peke yake. Mgongo wenyewe umechoka. Mke wangu kasema nichague cha kila mwezi, yaishe, tule.

Hana subira ya kitaalamu.

Jumanne, 5 Mei

Limetokea jambo. Naliandika polepole.

Dada alikuwa opereta wa simu wa hospitali kuu, miaka thelathini na mmoja. Zamani simu ya mbali hukuweza kuipiga tu ukitaka. Uliiomba kwa opereta, naye akaiwekea miadi: siku, saa, dakika tatu. Muda ukifika, anakuunganisha. Mwezi uliopita mke wangu alimpa simu yetu ya zamani ya mezani, ile nyeusi, apate cha kushika. Waya wake ulikatwa miaka mingi iliyopita. Unaning'inia kama mkia, na mwishoni zinachungulia nyuzi za shaba. Dada hukaa nayo dirishani kutwa. Ananyanyua mkono wa simu, anasikiliza, anasema kwa ile sauti yake ya kazini: "Subiri, mteja, nakuunganisha."

Tulikuwa tunacheka.

Jumapili aliniambia fundi viatu wa pale kona anatafutwa. Nikamwambia hakai hapa. Akasema anajua, ameshamwekea miadi, Jumanne saa tatu asubuhi.

Leo saa tatu na robo nimepita pale kona. Watu wamesimama. Kiti cha fundi kitupu, nyundo iko chini, kiatu kimoja cha mtoto bado kiko kwenye kalibu, lile umbo la mguu. Kaanguka tu, wakasema. Alikuwa akizungumza na mteja, akanyamaza kama mtu aliyeitwa, akageuka. Saa tatu kamili.

Nilisimama juani. Kisha likaja wazo. Nakiri kwamba halikuwa wazo la huruma. Nilifikiria ukurasa wa tatu.

Jumatano, 6 Mei

Asubuhi kwa daktari. Namba ya kumwona ilikuwa ya mke wangu, kwa ajili ya ubavu wake unaomchoma akimnyanyua Dada. Nikamweleza kwamba fomu haingoji, ubavu unangoja, na yeye watampangia namba nyingine baada ya wiki sita. Akanipa kadi. Mwanamke mwelewa. Daktari kasema presha imepanda kidogo, nipunguze chumvi. Nikamuuliza nimebakiza miaka mingapi. Akacheka! Akasema hata yake angependa kuijua. Miaka saba ya kusomea udaktari!

Basi, nikarudi kwenye taaluma yangu.

Chombo chochote hupimwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Unaweka jiwe la kilo moja; mzani ukisema kilo moja, unaupiga muhuri. Ukisema vingine, unaufunga. Nikaandika majina kumi, watano waliokufa na watano walio hai, nikayachanganya. Saa nane na nusu mchana nikaketi karibu na Dada. Hanitambui. Hudhani mimi ni fundi wa laini na huniambia nisiguse chochote kwa mikono michafu.

Nikataja jina moja baada ya jingine. Kila jina ananyanyua, anasikiliza, anaweka chini. Wengine: "Huyo ameshazungumza." Wengine: "Laini yake haina kitu." Hakuinua macho hata mara moja. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, lakini kila aliponyanyua mkono wa simu niliacha kuwasikia. Akiweka, kelele zinarudi. Labda ni masikio yangu. Nitamuuliza daktari, akimaliza kucheka.

Alikosea mawili. Nikapumua. Mzani mbovu! Nilikaribia kufurahi.

Kosa la kwanza: rafiki yangu wa dawati moja shuleni, anayeishi mji mwingine. Nilimwandika hai. Dada kasema ameshazungumza. Nikampigia kwa simu ya mkononi, akapokea mwanawe. Baba alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Akaniuliza kwa nini sikwenda kuzika. Nikalihamishia jina lake upande wa waliokufa.

Kosa la pili: mkuu wangu wa kwanza wa kazi. Marehemu, nilichanga mwenyewe kwenye msiba wake! Dada kasema laini yake haina kitu. Saa kumi nikamkuta sokoni akichagua vitunguu. Aliyekufa ni mdogo wake. Kanitazama juu hadi chini, akasema anakumbuka nilikuwa mchelewaji.

Kumi kwa kumi. Hakuna mzani hata mmoja, katika miaka yote hii, ulionipa matokeo hayo. Nimeupiga muhuri.

Alhamisi, 7 Mei

Leo nimeulizia jina langu.

Haikuwa rahisi. Dada kakataa katakata. Opereta hatoi siri ya mteja mmoja kwa mwingine, na fundi wa laini yanamhusu nini? Nikamwambia mimi si fundi, mimi ni mdogo wake. Akasema usinidanganye, mdogo wangu yuko shule, tena ana kovu gotini, alianguka na baiskeli ya watu. Nikakunja suruali. Akaweka kidole juu ya kovu, akakizungusha taratibu, kama anayepiga namba. Kidole chenyewe baridi, kama kimetolewa kwenye maji ya mtungi.

Sauti yake ikabadilika.

"Ndiyo, mteja. Una simu. Kesho Ijumaa, saa nane mchana. Dakika tatu. Uwe karibu."

Nikauliza ni nani anayepiga. Akasema opereta haulizi.

Nikafanya kosa la kuchukua mkono wa simu na kuuweka sikioni. Simu isiyo na waya ingepaswa kuwa kimya kama kopo. Haikuwa kimya hivyo. Ilikuwa kama chumba kikubwa chenye watu wengi, walioacha kuzungumza ghafla ili waone nani kaingia.

Niliuweka chini kwa mikono miwili.

Mke wangu kaniuliza mbona nimepauka. Nikamweleza yote: fundi viatu, majina kumi, kesho saa nane. Akasema, "Mzee wangu, hiyo simu haina waya." Nikamwambia hata mzani wa mawe hauna waya, na bado hukumu yake inakubalika mahakamani. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka, akakaa kidogo kwenye ngazi. Nikamwambia si wakati wa kukaa. Suti yangu nyeusi haijapigwa pasi.

Ijumaa, 8 Mei, saa tano asubuhi

Nimetia alama kwenye mkupuo. Mkono ulikuwa thabiti. Kama nakufa leo, familia ipate chote.

Fomu inataka shahidi. Ofisini alikuwapo Gramu peke yake, ananywa chai. Kasaini. Kwa kuwa ni siku yangu ya mwisho, nikamsamehe mambo matatu: lile la mizani ya ghala, lile la kiti changu, na kicheko cha Jumatatu. Akaacha kikombe hewani. Akauliza naumwa? Nikamwambia atajua. Nikamwachia rula yangu ya chuma. Akaniita niipokee tena, sikugeuka.

Saa nne nikakabidhi fomu kwa karani wa mafao. Ni binti mwenye miwani mikubwa, hupokea karatasi kwa ncha za vidole kama zimelowa. Nikarudi nyumbani. Nimeoga. Nimevaa suti. Nimeandika wosia: mawe yangu ya shaba, seti nzima, yapewe chuo. Sasa nimekaa karibu na Dada. Ananisifu kwamba leo fundi wa laini kavaa vizuri. Zimebaki saa tatu. Nimejaribu kufikiria mambo makubwa. Nafikiria rula.

Ijumaa, 8 Mei, jioni

Niko hai! Niandike kwa mpangilio.

Saa saba mchana simu yangu ya mkononi ikalia. Karani wa mafao. Fomu ni batili. Gramu, mtu wa gramu mbili, kasaini kwenye nafasi ya mwombaji badala ya nafasi ya shahidi! Kwa mujibu wa karatasi ile, Gramu ndiye anayeomba mafao yangu. Nijaze nyingine kabla ya saa tisa, la sivyo nisubiri mwakani. Nikamwambia mwakani sitakuwepo. Akasema basi fanya haraka, baba.

Nikamuaga mke wangu, nikakimbia. Ndani ya suti! Niliapa nitawahi kurudi kabla ya saa nane. Sikutaka anipigiaye anione mtovu wa nidhamu.

Foleni. Watu kumi na wanne mbele yangu, wote wastaafu, hakuna mwenye haraka. Nilipofika dirishani ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Nikapewa fomu mpya. Juu ya kichwa cha karani kuna saa kubwa ya ukutani. Nikajaza jina huku naitazama. Saa nane kamili, nikashika kaunta kwa mikono yote miwili. Saa nane na dakika moja. Mbili. Karani kaniuliza kama nataka maji. Dakika ya tatu ikapita. Jasho limenilowesha mpaka soksi, lakini moyo unapiga. Nikahesabu: mapigo themanini na nane kwa dakika. Ya haraka kidogo, lakini yapo!

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba msomaji anifuate kwa makini. Simu ya miadi humkuta mtu pale alipotajwa, nyumbani. Sikuwepo. Muda wangu umepita bila mimi. Mtu ambaye muda wake umepita hana tena muda wa kufa. Yaani ataishi sana. Kwa hiyo? Kisanduku cha pili! Kila mwezi, mpaka kufa! Nikatia alama. Atakayenirithi: mke wangu. Muhuri ukapigwa mbele ya macho yangu. Nilimshukuru karani kwa nguvu mpaka akarudisha kiti chake nyuma.

Ajabu ni kwamba kaniokoa Gramu. Sitamwambia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu dirishani, kwenye kigoda, kando ya Dada. Mkono wa simu uko mapajani mwake, waya umelala sakafuni. Nikaimba kwamba niko hai. Kasema naona. Nikauliza wamekaaje. Akasimulia kwamba ilipofika saa nane Dada alianza kuhangaika, akalia machozi, mteja hayupo, mteja hayupo, watanifukuza kazi. Msaidizi akashindwa kumtuliza. Basi yeye akapokea, ili mtu mzima asilie.

Nikamuuliza amesikia nini. Alikuwa akiutazama ule mwisho wa waya.

"Wana adabu sana," akasema.

Walimuuliza wanaongea na nani. Akasema na mkewe. Mwenyewe katoka, lakini kama kuna lolote mniambie mimi, mambo yote ya nyumba hii nayapokea mimi. Wakashauriana kidogo. Wakasema haina tatizo, hata yeye anafaa. Wakazungumza naye dakika tatu.

Nikataka kujua jambo moja tu: je, miadi yangu imefungwa? Nikamgeukia Dada, nikakunja suruali, nikaonyesha kovu. Kanyanyua, kasikiliza. "Laini yako haina kitu, mteja." Haina kitu! Akataka kuniambia pia habari za laini nyingine ya humu ndani. Nikamwambia inatosha kwa leo, apumzike.

Nimekula sahani mbili. Na chumvi.

Jumatatu, 11 Mei

Nimechora mpango wa maisha hadi umri wa miaka tisini na tano. Karatasi nne zimeunganishwa kwa gundi, zimejaa ukuta wa chumbani. Miaka sitini hadi sabini, kufuga kuku wa mayai. Sabini hadi themanini, kuandika kitabu kuhusu udanganyifu katika vipimo. Baada ya hapo, mapumziko.

Gramu kanirudishia rula. Kaniuliza kwa upole kama Ijumaa nilikuwa na homa. Nikamjibu kwamba nimeingia kisanduku cha pili na nina miaka thelathini na tano ya kula. Akaonekana kuumia. Kwa kuwa sina kinyongo, nikamwambia, "Ukitaka, nitakuangalizia laini yako nyumbani kwangu. Dakika tano tu." Akaondoka na kikombe chake akaenda kunywea chai kwa walinzi. Watu hawapendi sayansi.

Mke wangu kauliza kama mpango ule wa ukutani una nafasi yake. Nikamwonyesha: yuko kwenye mstari wa kuku.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nina furaha isiyo kifani, na chanzo chake ni mke wangu.

Kwa miaka thelathini nimemsihi huyu mwanamke ajiandae kwa uzee wetu. Siku zote ananijibu tule kwanza. Wiki hii kabadilika kabisa! Jumanne kamfundisha msaidizi namna ya kumnyanyua Dada kutoka upande wa kushoto, mara kumi, mpaka msaidizi kapatia bila yeye kugusa. Jana kaandika kwa herufi kubwa saa za vidonge vyangu vya presha, akabandika kwenye mlango wa kabati, mahali ninapoona bila miwani. Kapanga funguo zote kwenye misumari, kila msumari na jina lake. Kanionyesha chakula laini cha Dada kinavyopikwa, akanisimamia mpaka nikakipika mwenyewe. Nikaunguza. Akasema rudia. Nikarudia.

Binti yetu naye anakuja Jumamosi. Kaitwa na mamake. Nilisikia wakizungumza jikoni kwa simu ya mkononi. Binti alikuwa akilia, mama akimbembeleza kwamba si kitu, njoo tu ukae. Nikasogea mlangoni kuuliza kuna nini. Mke wangu kasema mambo ya wanawake. Sikuingilia.

Dada tangu asubuhi hapokei simu yoyote. Kashika mkono wa mke wangu, hauachii. Kwa mara ya kwanza mwaka huu kamwita wifi.

Jioni hii, wakati jua bado linaingia dirishani, mke wangu alitoa mashati yangu yote akaanza kukaza vifungo. Yote kumi na moja, hata yasiyolegea. La mwisho nilikuwa nimelivaa. Akalishona hivyo hivyo mwilini, akasogeza uso, akakata uzi kwa meno. Kisha akabaki amekishika kile kifungo, hakisukumi wala hakivuti.

Hatimaye mwenzangu anachukulia kustaafu kwangu kwa uzito! Nimeguswa. Nimempigapiga begani, nikamwambia asijichoshe kufanya yote kwa wiki moja.

Muda tunao.